Chumba cha Kiingereza kinaanzia darini: mwongozo wa kuandaa darasa kando ya Ziwa

Mwaka nilipokabidhiwa chumba cha kufundishia Kiingereza, huku upande wa Ilemela, Mwanza, nilikimbilia kutani. Wiki mbili nzima nilikata manila, nikachora herufi za rangi, nikabandika ramani ya Uingereza na picha ya basi jekundu la London. Chumba kikapendeza, wageni wakawa wanaingia kupiga picha. Ikafika Novemba. Mvua ya vuli ikashuka juu ya bati lisilo na dari, na kipindi kizima nikawa nachezesha midomo tu. Watoto 80 na ushee wakaitikia "Yes, madam" kwa adabu zote, bila kujua wameitikia nini.

Tangu siku ile mpangilio wangu wa matumizi umegeuka juu chini. Kwanza sikio, pili dawati, tatu ukuta. Vyombo vya umeme huja mwisho. Naandika kwa ajili ya mwalimu wa shule ya serikali, msingi au sekondari ya kata, awe Nyamagana, Magu, Sengerema au Ukerewe, mwenye chumba kimoja, watoto wengi na fedha za kuungaunga. Mtoto wetu anasoma kwa Kiswahili miaka yote ya msingi, halafu anaingia Kidato cha Kwanza na kukuta baiolojia, jiografia na hesabu vyote vinamngoja kwa Kiingereza. Apate basi mahali pa kukisikia vizuri kabla hakijamgeukia.

Hatua ya 1: Pima chumba kwa masikio

Kabla hujanunua hata chaki, fanya jaribio hili. Halina gharama. Andaa jozi kumi za maneno yanayokaribiana: "fifteen" na "fifty", "ship" na "sheep", "bad" na "bed", "cat" na "cut", "rice" na "lice", uendelee hivyo. Ziandike ubaoni, la kwanza namba 1, la pili namba 2. Kaa na watoto 12: wanne safu ya mbele, wanne katikati, wanne nyuma kabisa. Ziba mdomo kwa daftari, kwa sababu watoto ni mabingwa wa kusoma midomo, kisha soma neno moja katika kila jozi kwa sauti yako ya kawaida, siyo ile ya paredi. Wao waandike 1 au 2.

Rudia jaribio mara tatu kwa jozi zile zile lakini kwa mpangilio tofauti: asubuhi kukiwa kimya, wakati darasa la jirani linaimba jedwali la kuzidisha, na siku ya mvua.

Sasa soma majibu. Wa mbele wakipata na wa nyuma wakikosa, ugonjwa ni wa chumba, na hatua ya 2 inakuhusu. Wote wakikosa jozi ile ile, hata asubuhi yenye utulivu, chumba hakina kosa; sikio bado halijafundishwa sauti hiyo, na hilo ni somo, halihitaji fundi. Ukichanganya mambo haya mawili utanunua spika kutibu tatizo la vokali.

Na tatizo la vokali lipo. Kiswahili kina vokali tano, Kiingereza cha Uingereza huhesabiwa sauti za vokali zinazokaribia 20. Kwa hiyo "cat", "cut" na "cart" zote zinaingia kwenye "a" moja tuliyonayo, na mtoto anaandika chochote. Upande wa konsonanti tuna akiba ambayo hatuitumii: "th" ya "three" ndiyo ile ya thelathini, na "dh" ya dhahabu ndiyo inayoanza "this". Tatizo ni kwamba huku kwetu wengi tunasema selasini na zahabu. Mimi huanza kwa kunyoosha Kiswahili chenyewe. Mtoto akishaweza kusema thelathini na dhahabu sawasawa, "three" na "this" vinakuja bila mapambano. Ile jozi ya wali na chawa nayo itawachekesha. Waache wacheke, ila hakikisha mwisho wa wiki hakuna anayeagiza chawa na maharage.

Hatua ya 2: Nyamazisha chumba

Adui ni wawili, na kila mmoja ana dawa yake.

Wa kwanza ni kelele zinazotoka nje: mvua juu ya bati, bodaboda, darasa la jirani. Hapa hakuna ujanja wa bei rahisi unaozidi dari. Plaiwudi au jipsamu, ikiacha nafasi ya hewa kati yake na bati, hupunguza sana mpigo wa mvua, na chumba kinapoa pia. Kama shule ina fedha ya kitu kimoja tu mwaka huu, omba dari. Utaulizwa kwa nini mwalimu wa Kiingereza anaomba dari badala ya kompyuta. Mwite anayeuliza siku ya mvua, mkalishe safu ya nyuma, msomee zile jozi kumi.

Angalia pia ukuta wa katikati. Katika majengo mengi ya zamani ukuta unaotenganisha madarasa unaishia usawa wa kenchi, na juu yake ni uwazi mtupu. Sauti ya jirani inapita hapo kama maji. Matofali ya mistari michache yatakusaidia kuliko spika yoyote.

Adui wa pili ni mwangwi wa ndani. Sakafu ya saruji na kuta za plasta zinarudisha kila silabi mara mbili, hasa chumba kikiwa kitupu. Mwangwi hufa kwenye vitu laini. Tandika mikeka kwenye kona ya vitabu, tundika khanga kuukuu au mapazia mazito ukuta wa nyuma, yakiacha nafasi ya kiganja kimoja kutoka ukutani. Kuna wanaobandika trei za mayai ukuta mzima wakiamini zinazuia kelele. Trei hupunguza mwangwi kidogo tu, mvua hazizuii hata chembe, zinashika moto upesi na mende wanazipenda. Mimi nilizitoa.

Dari ikiwa bado, panga ratiba kwa busara. Kila maandalio yangu ya msimu wa vuli na masika yana kazi ya akiba: kifungu cha kusoma kimyakimya, au kuandika wawili wawili. Mvua ikianza, nainua kadi ya bluu na darasa linahamia kwenye kazi hiyo bila mimi kupasua koo.

Hatua ya 3: Mwanga na ubao

Hili ni fupi. Ubao ukipigwa na mwanga wa dirishani unang'aa na nusu ya darasa haioni. Funika dirisha lililo karibu yake kwa pazia jepesi, au uhamishe ubao. Paka upya rangi ya ubao kila mwaka. Paka kuta chokaa nyeupe kuanzia usawa wa madirisha kwenda juu, chumba kitapata mwanga wa bure.

Ukubwa wa herufi: bana vidole vyako vitatu pamoja. Upana wake, kama sentimita 5, ndio kimo cha herufi yako ndogo kabisa ubaoni kwa chumba cha mita 8. Kagua kwa kwenda kukaa nyuma mwenyewe. Watoto wenye shida ya kuona au kusikia wakae mbele bila kuulizwa mara mbili, na njia ya mlangoni iwe pana kiasi cha kupitisha kiti cha magurudumu.

Gawa ubao sehemu tatu kwa mistari ya kudumu. Kushoto ni maneno ya wiki, hayafutwi hadi Ijumaa. Katikati ni uwanja wa mwalimu. Kulia ni kwa watoto, na mwalimu haruhusiwi kuandika hapo.

Hatua ya 4: Madawati yanayogeuka

Vitabu vya ualimu vinapenda kuchora watoto wameketi nusu duara. Nusu duara ya watoto 80 ingeanzia Nyakato ikaishia Pasiansi. Kiwango cha serikali ni watoto 45 kwa darasa la msingi. Tunaofundisha tunajua daftari la mahudhurio linasema nini.

Kwa hiyo usipange upya madawati, geuza watoto. Safu ya kwanza inageuka nyuma kuitazama ya pili, ya tatu inaitazama ya nne, hadi mwisho. Kwa sekunde kumi una makundi ya watoto sita sita, watatu dawati hili na watatu lile, ana kwa ana, na hakuna dawati lililoburuzwa. Ili hilo liwezekane, mwambie fundi seremala mambo mawili. Benchi lisiwe na egemeo la mgongo, au egemeo liwe fupi, mtoto apitishe miguu. Na meza iwe bapa badala ya kulala mteremko, kusudi kadi zisiteleze. Kama madawati mliyonayo yana egemeo refu, wanaogeuka wapige magoti juu ya benchi. Siyo raha, lakini kwa dakika tano inawezekana.

Acha njia mbili za kupita, kila moja yenye upana wa kukutosha ukiwa umebeba madaftari mikononi. Sentimita 60 zinatosha kwa shida, 75 ni starehe. Mwalimu asiyefika nyuma hafundishi nyuma.

Fanya mazoezi ya kugeuka siku mbili bila somo lolote. Mimi hupiga makofi mara mbili kugeuka, mara tatu kurudi. Siku ya kwanza ilikuwa vurugu, mwalimu wa jirani akaja kuuliza kama kuna nyoka.

Hatua ya 5: Ukuta unaobadilika

Sasa ndiyo zamu ya ukuta, na hapa Mwanza tuna malighafi ambayo wenzetu walio mbali na maji hawana: nyavu kuukuu. Nenda mwalo wowote, uliza wavuvi wavu uliochoka ambao wanataka kuutupa. Chagua wenye matundu ya kuingiza vidole viwili. Mdogo kuliko huo unakusanya vumbi, na kadi hazishiki vizuri. Uloweke usiku mzima kwenye maji ya sabuni ya unga, uufue, uanike juani siku mbili. Usipofanya hivyo darasa litanuka furu hadi likizo, na hilo nimelijifunza kwa njia ngumu.

Pigilia mbao mbili nyembamba ukutani kwa misumari ya zege, moja usawa wa kichwa cha mtu mzima, nyingine usawa wa kiuno cha mtoto. Tandaza wavu kati yake, uukaze kwa kufunga kila baada ya shubiri moja. Nunua vibanio vya nguo. Tayari una ukuta ambao kadi 100 zinapachikwa na kutolewa ndani ya dakika chache, bila gundi, bila selotepu inayobandua plasta. Na watoto wanaufikia, ndiyo maana nikasema kiuno. Ukuta ambao mtoto haufikii ni wa mgeni.

Kadi nazitengeneza kwa maboksi ya biskuti yaliyochanwa, sentimita 10 kwa 25, neno moja upande mmoja, picha upande wa pili. Kwa chati kubwa tumia salfeti, haikunjiki ovyo na haichaniki kama manila. Pasua mshono wa pembeni na wa chini upate kipande kimoja kikubwa, fua, kisha nyoosha kwa kuilaza chini ya godoro siku mbili. Usipige pasi, itayeyuka. Paka rangi ya maji nyeupe tabaka jembamba, iache ikauke, paka tena. Baada ya hapo maka peni inaandika vizuri na maandishi yanadumu miaka. Kunja juu na chini, pitisha fimbo, tundika.

Kabla hujaandika kwa maka peni, andika kwa penseli na umpe mwalimu mwingine asome. Nilishawahi kutundika chati ya siku za juma yenye "Wenesday". Ilikaa muhula mzima. Darasa zima likaandika hivyo kwenye mtihani, na sikuwa na uso wa kumkata mtu alama.

Ukutani uweke nini? Siyo orodha ya viongozi. Weka kwanza sentensi ambazo mtoto anazihitaji ili aishi ndani ya kipindi: "I don't understand", "Please say it again", "How do you say mizani in English?" Hiyo ya mwisho ndiyo yenye thamani kuliko zote, kwa sababu inampa mtoto ruhusa ya kutokujua, na Kiswahili kimebaki ndani ya sentensi bila aibu.

Kisha weka picha za mahali anapopajua: Jiwe la Bismarck, dagaa walioanikwa, soko, daraja la Kigongo hadi Busisi lililofunguliwa Juni 2025. Lile basi la London nililitoa. Mtoto wa Kirumba akionyeshwa picha ya mwalo ana mambo ya kusema hadi kengele. Kinachomkosesha ni maneno tu, na maneno unayo. Chukua mfano mmoja. Chini ya picha ya mwanamke anayepara sato, andika "scales". Chini ya picha ya mchuuzi anayepima sangara, andika "scales". Usieleze lolote. Siku ya kwanza watakuja kukwambia kwamba mwalimu umekosea. Waambie waende wakaangalie. Kabla ya Ijumaa kutakuwa na mtoto aliyegundua kwamba Waingereza wana neno moja kwa magamba na mizani, na hatalisahau, kwa kuwa amelivumbua mwenyewe.

Kila baada ya wiki tatu, toa kadi zote. Kadi iliyozoeleka haisomwi tena.

Hatua ya 6: Kona ya vitabu

Rafu iwe imeachana na ukuta kwa vidole vinne na miguu yake isimame juu ya makopo, kwa sababu ya mchwa. Vitabu vyenye jalada la mbele kuonekana huchukuliwa zaidi ya vile vinavyoonyesha mgongo, kwa hiyo hata kamba yenye vibanio inafaa kuvitundika.

Vitabu vya kiada vya Taasisi ya Elimu Tanzania vinapatikana bure katika maktaba mtandao ya taasisi hiyo. Vipakue kwenye simu na chapa kurasa chache unazozihitaji. Lakini vitabu vinavyosomwa zaidi chumbani kwangu ni vya watoto wenyewe. Karatasi mbili za A4 zikikunjwa katikati zinatoa kurasa nane. Kundi la watoto sita linaandika kitabu kimoja, sentensi mbili kila ukurasa na picha, tunakishona mgongo kwa uzi wa nyavu na sindano nene. Muhula mmoja ukiwa na makundi 14, hesabu mwenyewe rafu itakavyojaa. Daftari la kuazima lishikwe na mwanafunzi. Vitabu vitapotea, bora kitabu kilichopotelea nyumbani kwa mtu kuliko kilicho salama kabatini.

Hatua ya 7: Mashine za sauti

Watoto wanahitaji kusikia Kiingereza cha mtu asiye wewe. Kwa hilo zinatosha simu yako, flashi na spika mbili ndogo. Zitundike kuta za pembeni, katikati ya chumba, juu kidogo ya vichwa vya watoto walioketi. Spika moja kubwa mbele inawapigia kelele wa mbele na bado haiwafikii wa nyuma.

Umeme ukiwa wa kubahatisha, sola ndogo inaweza kazi hii. Hesabu yake ni hii. Spika za wati 10 kwa saa 2 zinakula wati-saa 20. Kujaza simu ni kama 15 hadi 20. Taa ya wati 5 kwa saa 3 ni 15. Jumla ni chini ya 60. Paneli ya wati 20 ikipata saa 5 za jua kali inatoa 100, toa theluthi inayopotea njiani, unabaki na zaidi ya 65. Betri ya volti 12 yenye ampea-saa (Ah) 18 ina wati-saa kama 216, na ukiichunga isishuke chini ya nusu itadumu. Linganisha na projekta ya wati 250: saa 2 tu zinakula 500. Ndiyo maana sinunui projekta, ingawa ndicho kitu cha kwanza ambacho wafadhili hupenda kutoa.

Cha kusikiliza? BBC Learning English wana vipindi vya dakika 6 ambavyo watoto wa sekondari wanavimudu wakisikia mara tatu. Kwa msingi, rekodi watu wa hapa hapa: mhudumu wa mapokezi hotelini, muuguzi, mwongoza wageni wa Hifadhi ya Kisiwa cha Saanane, ambayo iko mkabala na mji na imekuwa hifadhi ya taifa tangu 2013. Omba ruhusa yao, waulize maswali matano, dakika mbili zinatosha. Watoto wakisikia Kiingereza chenye lafudhi ya kwetu kinachoeleweka, mabega yao yanashuka. Wakati mwingine nadhani rekodi hizi zimefanya kazi kuliko zote za BBC.

Hatua ya 8: Sheria ya mlangoni

Nilipokuwa msichana wa sekondari, shuleni kwetu kulikuwa na kibao cha mbao chenye kamba. Ukisema Kiswahili unavishwa shingoni, unatembea nacho hadi umkamate mwingine. Nilikivaa siku mbili mfululizo. Sikujifunza Kiingereza, nilijifunza kunyamaza, na kunyamaza nikafaulu vizuri sana. Kwa hiyo mlangoni kwangu hakuna kibao, na wala hakuna lile tangazo la "No English, no service" linalopendwa kwenye ofisi za walimu. Kuna kadi moja tu: ukishindwa, sema kwa Kiswahili, halafu uliza inasemwaje.

Kuhusu fedha: ruzuku ya elimu bila ada, shilingi 10,000 kwa mwanafunzi wa msingi kwa mwaka, ina kazi nyingi kuliko ukubwa wake. Peleka maombi yako kwenye kamati ya shule yakiwa vipande vipande, dari peke yake, sola peke yake, ili kila kipande kipate mtu wa kukibeba. Mzazi mvuvi atatoa wavu, fundi atatoa siku moja ya kazi, mama wa duka atatoa maboksi na salfeti. Michango ya hiari iandikwe kwenye daftari la kamati, hata ikiwa ni vibanio.

Mwishoni mwa muhula rudia jaribio la jozi kumi, na watoto wale wale 12, kwenye viti vile vile. Andika tarehe na majibu nyuma ya mlango, kwa penseli. Na funguo ziwe mbili, mmoja wako, mwingine wa kiranja wa chumba. Wa kwangu anafika saa 12 na nusu asubuhi, anafungua madirisha ya upande wa ziwa, anageuza kadi za wavu moja moja. Juzi nilimkuta amepachika ya kwake, ameandika kwa kalamu ya bluu: "Madam, how do you say kiranja?"